Shangazi Zetu Hawakurogwa

Chumba cha kusubiri cha kliniki ya matiti hapa Louisville, Marekani, kimepakwa rangi ya waridi. Viti ni vya waridi, maua ya plastiki ni ya waridi, hata boksi la karatasi za kufutia pua ni la waridi. Ukutani wameandika kwa herufi za mapambo kwamba sisi tuliokaa pale ni wapiganaji. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi. Wapiganaji nimewaona, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha waridi akisubiri jina lake litamkwe vibaya.

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una saratani, na wewe ni mtu wa kwetu, mambo ya dawa utaelezwa na wenye kazi hiyo. Wanalipwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, chini ya hema, na sina la kukufundisha juu ya dawa. Ninaloweza kukuambia ni lile ambalo hawatakuuliza.

Ilianza kwa mdogo wangu Yuliana. Aliishi Buffalo na mume wake na watoto wao wa kiume, akifanya kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba ya wazee. Siku moja alipokuwa anaoga mwenyewe, akashika uvimbe. Alinipigia simu akacheka, akasema, "Dada, nimezoea kuogesha wengine mpaka mwili wangu naushika kama wa mgeni." Alikuwa hivyo, Yuliana. Alicheka kwanza, mengine baadaye.

Daktari wake alimuuliza kama mama yetu alikuwa na saratani. Yuliana akasema hapana, mama alikufa kwa malaria kambini, Kigoma. Akamuuliza kama ana dada. Akasema anaye mmoja, yuko Kentucky, mzima. Daktari akabonyeza kompyuta yake, akasema hakuna historia ya ugonjwa katika familia. Historia yetu yote, kutoka Burundi mpaka kwenye theluji ya Buffalo, aliifunga kwa kidole kimoja. Kuhusu baba hakuuliza. Kuhusu dada za baba hakuuliza. Alikuwa na cheti ukutani chenye fremu ya dhahabu, Yuliana aliniambia. Alikiangalia muda wote kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa anaangalia kompyuta.

Sasa nikuambie juu ya dada za baba.

Walikuwa wawili, Shangazi Roza na Shangazi Konsolata. Roza alikuwa mkubwa. Nilipokuwa mtoto alianza kufunga kitenge kifuani hata wakati wa joto kali, na hakukubali mtu amsaidie kukifungua. Harufu ilikuja kabla ya yeye kusema. Alipokuja kusema, titi lilikuwa kidonda kizima, na zahanati ya kambi ilikuwa na vidonge vya maumivu ya kichwa. Alikufa akiwa bado hajazeeka.

Baba yangu hakuweza kukaa na jambo lisilo na mwenyewe. Jirani yetu, Mama Kezia, alikuwa amemletea Roza bakuli la maharage wakati alipoanza kuumwa. Basi, ikawa maharage. Baba alisimama mbele ya viongozi wa zoni yetu kambini akasema dada yake amerogwa, na aliyemroga anajulikana. Vyombo vya Mama Kezia vilitupwa nje. Akahamishiwa mwisho wa kambi, karibu na vyoo, na tangu siku ile mtu wa ukoo wetu hakumpa salamu.

Baadaye Konsolata naye akaanza kufunga kitenge kifuani. Mama Kezia alikuwa mbali, hakukanyaga tena kwetu. Ungetegemea mtu mzima mmoja, hata mmoja tu, ajiulize. Hakuna. Walisema Mama Kezia aliacha kitu amekizika chini ya mlango. Wakachimba. Hawakukuta kitu, wakasema amekizika vizuri.

Hao ndio watu wetu. Nawapenda na nawadharau, na nimechoka kujifanya kwamba haiwezekani kufanya yote mawili.

Yuliana alikufa katikati ya baridi. Theluji ilikuwa imefunga barabara zote za Buffalo, ndege haziruki, na mimi nilikuwa jikoni kwangu Louisville tayari nimevaa koti. Shemeji alimwekea simu sikioni. Sikusema maneno makubwa. Nilimwambia nilichopika. Mtu akiwa anaondoka anapenda kusikia sauti ya nyumbani, nadhani, siyo mahubiri. Mahubiri alikuwa ameyapata ya kutosha. Watu wa kanisa walikuja kila wiki kumkemea pepo wa saratani, wakamwagia mafuta mpaka mto wake ukaharibika. Mmoja alimwambia ana imani ndogo. Huyo bado anaimba kwaya.

Halafu ikaja majira ya kuchipua, wakati mji wetu unajaa wageni wa mbio za farasi na wanawake wenye kofia kama masinia. Nilikuwa kazini ghalani, nimenyoosha mkono kushusha boksi, nikahisi kitu upande wa kushoto. Sikushtuka. Nilisema kimoyomoyo, umefika.

Nilipoenda kliniki, nesi alikuwa na mkalimani kwenye simu. Mkalimani alikuwa anaendesha gari. Nilisikia taa ya kukata kona ikipiga tik, tik, tik wakati anatafsiri kuhusu titi langu. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilisema mdogo wangu amekufa kwa ugonjwa huu, na shangazi zangu wawili. Nesi akauliza, shangazi upande wa mama? Nikasema upande wa baba. Akatabasamu vizuri sana, akasema upande wa baba hauhusiki, haya ni magonjwa ya wanawake.

Miaka ya chuo, nguo nyeupe, kadi shingoni. Upande wa baba hauhusiki. Hata babu yangu mchunga mbuzi alijua kwamba dume nalo linachangia.

Nikaanza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, mwanzoni mwa kiangazi. Nywele zilitoka kwanza, ndivyo kila mtu anavyojua. Hawakuambii kwamba nyusi na zile nywele za puani zinatoka pia, kwa hiyo kamasi inateremka bila taarifa, hata ukiwa unazungumza na mchungaji. Kucha zikawa nyeusi. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Mtoto wangu mdogo aliacha kukaa karibu nami kwenye kochi, na nilipomuuliza akasema nanuka hospitali. Alisema ukweli, nikamshukuru. Mkubwa, Daudi, alijifunza kupika ugali. Ulikuwa na mabonge. Nilikula mabonge yote, na ilikuwa siku nzuri.

Katikati ya kiangazi hicho shirika moja likaleta semina kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ya kutufundisha wakimbizi magonjwa ya kurithi. Tulienda kwa sababu ya chakula, mimi pia, ingawa sikuweza kula. Mwalimu alikuwa mama mwenye furaha nyingi. Alituonyesha picha za njegere, za kijani na za njano. Halafu akaonyesha familia ya Wazungu, akaeleza kwa muda mrefu jinsi macho ya bluu yanavyotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Ukumbi mzima ulikuwa Warundi na Wakongo. Macho ya bluu tuliyaona kwake tu.

Mzee mmoja wa kutoka Uvira, Kongo, akanyoosha mkono, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. "Bon, donc hii magonjwa ni ya batu ya macho ya bleu?"

Watu wakacheka. Mkalimani akatafsiri. Mwalimu akasema, "Swali zuri sana!" na akaendelea na picha inayofuata.

Tuliondoka na begi la kitambaa, kalamu, na kitabu kidogo chenye picha ya familia inayokimbia kwenye majani huku ikicheka. Mzee wa Uvira alisema mlangoni, "Mimi nimepata mukoba." Ndiyo elimu tuliyopewa.

Aliyenielewesha alikuwa mtu mmoja tu, na sikutumwa kwake na mtu mwenye akili bali kwa kuwa daktari wa upasuaji alikuwa na haraka na alitaka niondoke chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, kazi yake ni kueleza watu mambo ya kurithi. Ofisi yake haikuwa na waridi. Alipiga chafya, akavuta karatasi nyeupe, akaniuliza majina ya shangazi zangu.

Tangu wafe, hakuna mtu mwenye kazi ya hospitali aliyewahi kuniuliza majina yao. Nilisema Roza. Nilisema Konsolata. Akachora duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanaume, na waliokufa akawapiga mstari. Baba mraba, mstari. Roza duara, mstari. Konsolata. Yuliana. Akaniuliza, Yuliana naye nimpige mstari, na alisubiri nilipokuwa nalia, akinisogezea karatasi zake za mafua.

Halafu alisema hivi. Kila mtoto anapewa nusu na mama na nusu na baba. Kitu kibovu kikiwa kwa baba, mtoto anaweza kukipata au kukikosa, kama kurusha sarafu juu. Mwanaume anaweza kukibeba mpaka anazeeka bila kuumwa titi, akampa binti yake. Mvulana anaweza kupewa pia. Anayekijua mapema anaweza kuchunguzwa mapema, au kukatwa matiti kabla ugonjwa haujaja.

Basi. Chai isingechemka katika muda huo. Mambo yenyewe ni mepesi hivyo, na ilibidi Yuliana afe ndipo mtu akayatamka.

Walipima damu yangu. Ninacho. Yule mwanamke akaweka kidole juu ya mraba ambao haukuwa na mstari, akauliza, "Huyu?"

Huyo alikuwa kaka yetu Zakaria. Anaishi Hilliard, pembeni ya Columbus, ni shemasi anayeheshimika, na ana binti mmoja, Aline, aliyekuwa anamaliza chuo. Nikampigia siku hiyohiyo. Nikamweleza yote, baba, sarafu, Aline.

"Mama Daudi," akasema, "damu yangu ilishanunuliwa msalabani. Siwezi kwenda kuwauliza Wazungu imebeba nini."

"Kaka, sukari si unaipima kila asubuhi?"

"Hiyo ni sukari."

"Na Aline?"

"Aline ana wachumba wanaouliza. Ukitangaza habari ya damu mbovu, nani atamwoa?"

"Yuliana aliolewa. Yuko wapi?"

Akakata simu. Nilijua vizuri kilichomkaba, na haikuwa ndoa. Kama ugonjwa umetoka kwa baba, basi haukutoka kwenye maharage. Na Mama Kezia yuko hai. Aliletwa Marekani kama sisi, anaishi Westerville na mtoto wake, upande wa pili wa mji uleule wa Columbus. Zakaria akimwona dukani anageuza kitoroli.

Vuli ikaja, wakanikata. Matiti yote mawili, na baadaye vifuko vya mayai, kwa kuwa kitu hicho huleta saratani na huko. Nilipofunguliwa bandeji nilijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kifua kilikuwa kama cha mvulana aliyepigana kwa visu. Joto lilinipanda kutoka tumboni mpaka usoni katikati ya baridi, nikawa nasimama kwenye baraza la theluji na gauni jepesi, na jirani Mmarekani akaniuliza kama nimefungiwa nje. Mume wangu alinifunga bandeji kila asubuhi. Siku moja nikamwambia niambie unachokiona. Akasema, "Naona mtu anayenipigia kelele nikichelewa." Hiyo ilinitosha kwa mwezi mzima.

Siku ya mwisho ya mionzi wakanipeleka kwenye kengele. Wanayo kengele ukutani. Ukimaliza matibabu unaipiga, na wafanyakazi wanapiga makofi. Nikawauliza, mdogo wangu alipokufa, nani aliipiga? Nilivaa koti nikaenda nyumbani.

Majira ya kuchipua yalipozunguka ikawa wakati wa kuganduka, yaani siku ya kufunga msiba. Kwetu Warundi watu hukusanyika, wakala na kunywa, na msemaji wa familia husimama akaeleza aliyekufa alikuwa nani na amekufaje, kisha msiba unavuliwa. Tulikubaliana iwe Columbus kwa kuwa iko katikati. Shemeji alitoka Buffalo na watoto, sisi tukatoka Louisville, na ukumbi ulipatikana Hilliard. Msemaji alikuwa Zakaria.

Jikoni kabla ya watu kukaa nilimvuta pembeni. "Kaka, utasema ni nini kilichomuua?"

"Nitasema aliugua."

"Kila mtu anaugua."

"Mama Daudi, leo ni siku ya amani. Usituletee hospitali kwenye chakula."

Mke wake, aliyekuwa anapanga sambusa, akasema bila kugeuka, "Ni zile dawa. Zinapanda kichwani."

Zakaria akasimama mbele ya watu, suti nzuri, sauti nzuri. Akasema mdogo wetu aliugua kwa muda mfupi, na Bwana akamchukua. Watu wakaitikia amina. Kisha akauliza, kama desturi inavyotaka, kama kuna mwenye neno, huku ameshaanza kukaa.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusimama. Kwenye misiba ninakaa nyuma na kuosha vyombo.

Nilisema Yuliana alikufa kwa saratani ya titi. Nikasema Roza na Konsolata walikufa kwa hiyohiyo, na mimi wamenikata kwa hiyohiyo, na imetoka kwa baba yetu, ambaye hakujua. Nikasema wanaume wanaibeba. Nikasema Mama Kezia alileta maharage tu. Maharage, nikasema tena, kwa sababu kulikuwa na wazee pale waliokuwepo siku vyombo vyake vinatupwa, na niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakahangaika na soda zao.

Mzee mmoja akasema, "Maneno kama haya hayasemwi mbele ya chakula." Huyo ndiye aliyekuwa ameshika jembe walipochimba mlango.

Ndipo Aline akasimama kule nyuma, simu mkononi. Aline tangu utoto ukimsemesha kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Akamuuliza baba yake kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hata wasiojua Kiingereza waliielewa: alijua au hakujua?

Zakaria akarekebisha tai yake. Shemasi wetu, anayeweza kuomba saa nzima bila kumeza mate. Aline akachukua funguo za gari akatoka.

Hatukuongea, kaka na mimi, mpaka majira ya joto yalipokuwa yanaisha. Siku hiyo alinipigia kutoka kwenye maegesho ya magari ya kliniki moja kule Columbus. Hakunisalimia.

"Nimekaa mle ndani peke yangu mwanaume," akasema. "Nesi ameniuliza kama namsubiri mke wangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Halafu wakaita jina langu." Akapumua. "Mama Daudi, wamenipa kalamu ya waridi."

Nilicheka mpaka kovu likauma. Naye akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Majibu yalipotoka, anacho. Alimwambia Aline mwenyewe. Sifa hiyo nampa.

Kwa Mama Kezia hakwenda. Anasema anaomba juu ya jambo hilo. Kutoka Hilliard mpaka Westerville unafika kabla kahawa yako haijapoa, lakini yeye bado anaomba.

Basi nilikwenda mimi. Aline aliposikia ninakuja Columbus kwa ajili hiyo, aliniandikia kwamba atanipeleka kwa gari lake. Damu yake ilikuwa imepimwa wiki chache kabla, na hakuna aliyejua majibu. Njiani sikumuuliza. Nilikuwa na hofu kuliko siku zangu zote za kemo, na nilizungumza juu ya bei ya vitunguu kama mwendawazimu.

Mama Kezia alifungua mlango yeye mwenyewe. Amekuwa mdogo, mgongo umekunjika, lakini macho ni yaleyale. Alinitambua. Hakutukaribisha. Nilisimama pale kwenye kapeti la korido nikasema nilichokuja kusema: kwamba damu yetu imepimwa, kwamba shangazi zetu hawakurogwa, kwamba ni ugonjwa wa kwetu wenyewe, na kwamba nimelisema hilo mbele ya ukoo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilijua si mimi. Ulidhani nilikuwa nangoja maabara?"

Akamtazama Aline. "Na huyu?"

"Binti wa Zakaria."

"Ana uso wa Roza." Alimtazama bila upole wowote. "Umepima?"

Aline akajibu kwa Kiswahili. "Nimepima, bibi. Ninacho."

Mama Kezia hakutikisika.

"Roza alificha chini ya kitenge mpaka pakaoza," akasema. "Wewe umesema mlangoni, hata viatu hujavua. Ingia."

Mimi hakuniambia niingie. Niliingia tu.